Mdundo na Hatua: Muziki Katika Kumrudishia Mwendo Aliyepatwa na Kiharusi

(Hotuba iliyosomwa ukumbini mbele ya waumini na majirani, wakati wa maadhimisho ya kuanzishwa kwa hekalu letu)

  

Tunaishukuru kamati ya maadhimisho kwa kutupa nafasi ya kusema machache katika siku hii kubwa. Sisi tunaozungumza tu watu wa makundi mawili. Wamo miongoni mwetu wanaofanya kazi ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa njia ya mazoezi, na wamo wanaopiga tabla, dholaki na harmoniamu katika ukumbi huu nyakati za bhajan. Tumeketi pamoja kuandaa maneno haya kwa sababu ipo kazi moja inayohitaji mikono ya makundi yote mawili. Kazi hiyo ni kumsaidia mtu aliyepatwa na kiharusi arudie kutembea na kuutumia mkono wake.

Jambo hili haliko mbali nasi. Kati ya Juni 2003 na Juni 2006 ulifanyika utafiti hapa Tanzania, katika Wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro na katika sehemu ya jiji la Dar es Salaam, ili kuhesabu watu wanaopatwa na kiharusi kwa mara ya kwanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Baada ya tofauti za umri kusawazishwa, ilionekana kwamba kwa kila watu 100,000 hupatwa na kiharusi watu wapatao 109 kwa mwaka kule Hai, na watu wapatao 316 Dar es Salaam. Kiwango hicho cha jijini kilizidi kile cha nchi nyingi tajiri. Lakini hata bila hesabu hizo, ni nani kati yetu asiyeijua nyumba yenye chumba cha nyuma ambamo amelala mtu ambaye jana alikuwa akifungua duka, akishona nguo, akifundisha watoto, au akiongoza garba usiku wa Navratri?

Tuanze kwa kueleza ugonjwa wenyewe. Ubongo hulishwa na damu bila kukoma. Mshipa unaopeleka damu hiyo ukizibwa na donge, au ukipasuka na damu ikavujia ndani, sehemu inayohusika hukosa hewa na chakula, na chembe zake huanza kufa. Wataalamu wamekadiria kwamba mshipa mkubwa wa ubongo ukizibwa, hufa chembe za fahamu zipatazo milioni 1.9 kwa kila dakika inayopita bila tiba. Upande wa kushoto wa ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili, na upande wa kulia huongoza wa kushoto. Kwa hiyo mgonjwa hupooza upande mmoja. Mguu wenyewe haukuumia, wala mkono. Mifupa ipo na misuli ipo. Kilichopotea ni amri iliyokuwa ikitoka juu.

Tunaomba neno hili lishikwe, kwa kuwa mengi yatakayofuata yanalitegemea. Wapo wanaosema kiharusi ni jini. Wapo wanaosema ni kurogwa. Na sisi Wahindu tunao wenzetu wanaosema ni karma ya maisha yaliyopita, basi mgonjwa na avumilie. Hatukuja hapa kubishana na imani ya mtu. Twasema tu kwamba fikra yoyote inayomfanya mgonjwa afichwe chumbani humnyima kile anachokihitaji kuliko vyote, nacho ni kurudia kitendo mara nyingi mbele ya watu wanaomtia moyo. Tena neno karma, kwa asili yake katika Kisanskriti, maana yake ni tendo. Tujiulize basi ni tendo gani linalotupasa sisi tulio wazima.

Ubongo ulio hai huweza kujifunza upya. Sehemu zinazozunguka jeraha, na hata zile za upande wa pili, huweza kuchukua baadhi ya kazi za zilizokufa. Ila ubongo haujifunzi kwa kuelezwa, hujifunza kwa kutenda. Miezi mitatu hadi sita ya kwanza ndiyo yenye mavuno makubwa zaidi, ingawa mtu anaweza kuendelea kupata nafuu hata baada ya hapo. Miezi hiyo ikipita mgonjwa akiwa kitandani, akigeuzwa na kulishwa tu, kunapotea kitu ambacho ni vigumu kukirudisha. Hilo ndilo linalotusumbua, na ndilo lililotuleta mbele yenu.

Sasa muziki unaingia wapi?

Ndani ya ubongo, njia za kusikia na njia za kuuongoza mwili zimeungana kwa karibu. Picha za ubongo zimeonyesha kwamba mtu akisikiliza mdundo wenye mapigo yaliyo sawa, zile sehemu zinazopanga mwendo huamka hata kama mtu huyo ametulia bila kutikisa kidole. Sote tumeliona jambo hili pasipo mashine yoyote. Dholaki ikilia katika ukumbi huu, mzee aliyekaa kwenye kiti hujikuta anagonga sakafu kwa mguu, wala hakuamua kufanya hivyo. Mguu umeitwa na sikio.

Mdundo una sifa moja inayomfaa sana mgonjwa wa kiharusi: humjulisha mtu wakati wa pigo lijalo. Aliyesikia mapigo matatu yenye nafasi sawa anajua la nne litafika lini, na mwili hupata muda wa kujiandaa. Mtazameni anayeanza kutembea baada ya kiharusi. Mguu wake mzima hukimbilia chini upesi, maana ule dhaifu hauwezi kuubeba mwili kwa muda. Mguu dhaifu nao huchelewa hewani, ukiburuzwa au ukizungushwa kwa nje. Hatua moja huwa ndefu na nyingine fupi, moja ya haraka na nyingine ya pole. Ngoma inapopigwa kwa nafasi zilizo sawa, kila mguu hupewa muda ulio sawa na wa mwenzake, na mgonjwa hupata kitu cha nje cha kujipimia badala ya kutegemea hisia zake ambazo sasa hazimwambii kweli.

Haya yamechunguzwa kwa miaka mingi. Nchini Marekani, Michael Thaut na wenzake walichapisha mwaka 1997 utafiti wa wagonjwa 20 wa kiharusi. Wote walifanya mazoezi ya kutembea kwa wiki sita. Tofauti ilikuwa moja tu: kundi moja lilitembea kwa kufuata mdundo na jingine lilitembea bila mdundo. Urefu wa hatua uliongezeka kwa asilimia 88 katika kundi la mdundo, na kwa asilimia 34 katika kundi la pili. Mwaka 2007 walitoa utafiti mkubwa zaidi wa wagonjwa 78 huko Ujerumani na Marekani, waliofanya mazoezi ya nusu saa kwa siku kwa muda wa wiki tatu, na waliofuata mdundo tena walitangulia kwa kasi na kwa urefu wa hatua.

Mwaka huohuo wa 2007, watafiti wa Ujerumani, akiwamo Eckart Altenmüller wa Hannover, walieleza habari za mkono. Wagonjwa 20 ambao hawakuwa wanamuziki walifundishwa kupiga ngoma za kielektroniki na kinanda kwa mkono wao dhaifu. Walipata mafunzo 15 ya nusu saa katika wiki tatu, juu ya tiba yao ya kawaida. Walipolinganishwa na wenzao 20 waliopata tiba ya kawaida peke yake, mikono yao ilikuwa na wepesi na usahihi zaidi. Na mwaka 2008, kutoka Helsinki nchini Finland, Teppo Särkämö na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa waliosikiliza muziki waupendao angalau saa moja kwa siku, katika miezi miwili ya mwanzo, walirudiwa na kumbukumbu ya maneno na uwezo wa kuzingatia jambo vizuri zaidi, na huzuni yao ilikuwa pungufu.

Haki inatutaka tuseme pia upande wa pili. Mwaka 2017 jopo la shirika la Cochrane lilikusanya majaribio 29 yenye watu 775 walioumia ubongo, wengi wao kwa kiharusi. Jopo lilisema kwamba mdundo unaweza kuboresha mwendo, lakini likataka tafiti zilizo bora zaidi kabla ya mambo mengine kusemwa kwa uhakika. Kwa hiyo hatukuja na muujiza. Tumekuja na njia ya mazoezi yenye ushahidi wa kutosha kuianza, isiyo na gharama kubwa, na ambayo vifaa vyake tayari vimo katika kabati la ukumbi huu.

Tueleze sasa namna kazi yenyewe inavyofanyika, maana kuna tofauti kubwa kati ya kumpigia mgonjwa muziki na kumtibu kwa mdundo.

Tuchukue mfano wa mzee aliyeanza kusimama na kutembea kwa mkongojo. Hatua ya kwanza ni kumwacha atembee kwa mwendo wake mwenyewe bila ngoma, huku tukihesabu hatua zake kwa nusu dakika. Tuseme ni hatua 24. Basi mwendo wake ni hatua 48 kwa dakika, na ngoma itapigwa mapigo 48 kwa dakika, bila kuzidi wala kupungua. Kwanza mzee huketi na kusikiliza, akigonga paja lake kwa mkono ulio mzima. Kisha husimama akishikilia meza, na kuhamisha uzito wa mwili kutoka mguu mmoja kwenda mwingine kwa kila pigo. Baada ya hapo ndipo hutembea, mtaalamu akiwa upande wake dhaifu. Hatua zake zikitulia kwa siku kadhaa, kasi huongezwa kidogo, kama asilimia 5, yaani kutoka 48 hadi 50. Baadaye ngoma hunyamazishwa kwa mizunguko michache wakati mzee anaendelea na mwendo uleule kichwani mwake, kisha hurudishwa ili aone kama bado yumo ndani ya mapigo. Lengo ni siku moja atembee pasipo ngoma, hadi dukani, hadi msikitini, hadi hapa hekaluni.

Hapa wapigaji tabla wetu wana elimu ya kutufaa. Taala zetu zimejengwa kwa matra, yaani mapigo yanayohesabiwa katika mzunguko. Keherwa ina matra 8, zilizogawanyika 4 na 4. Dadra ina 6, yaani 3 na 3. Rupak ina 7. Tukimpigia mgonjwa keherwa, na mguu wake wa kushoto ukachukua matra ya kwanza, mguu huohuo wa kushoto utachukua matra ya tano, na mzunguko mpya utaanza tena kwa kushoto. Mkazo wa ngoma hubaki mguu uleule, na mgonjwa hajipotezi. Tukimpigia dadra, mkazo wa kwanza utaangukia kushoto na mkazo wa pili, kwenye matra ya nne, utaangukia kulia. Tukimpigia rupak, mzunguko mzima utaanza kwa kushoto na ule unaofuata utaanza kwa kulia. Kwa mchezaji mzima huo ni utamu wa taala. Kwa anayejifunza upya kusimama ni mtego. Kwa hiyo kutembea kuwe kwa keherwa, au kwa tintal yenye matra 16 zilizopangwa nne nne. Dadra tuiweke kwa mazoezi ya kukaa, kama kuyumbisha mkono mbele na nyuma, kwa maana mwendo wake ni wa pembea.

Tena mpigaji ajihadhari na mazoea mawili. La kwanza ni kuongeza kasi. Katika bhajan, kadiri moyo unavyopanda ndivyo ngoma inavyokimbia, na sote hufurahi. Mgonjwa akikimbizwa hivyo ataanguka. La pili ni huruma ya kumfuata. Mzee akichelewa, mpigaji mwema hutaka kupunguza mwendo ili wakutane. Akifanya hivyo, ngoma inakuwa inamfuata mgonjwa, na mgonjwa hana tena cha kufuata. Akishindwa, asimamishwe, akae, anywe maji ikiwa daktari amemruhusu kunywa bila kizuizi, na kazi ianze tena kwa kasi ndogo zaidi. Wakati huo mpigaji tabla ni saa ya ukutani, naye aridhike kuwa saa.

Kwa upande wa mkono, harmoniamu ni hazina. Mtu anayetafuta kurudisha wepesi wa vidole hupewa vitufe vitano vinavyofuatana, avibonyeze kimoja kimoja kwa mkono dhaifu huku jamaa yake akivuta mifuo ya hewa. Kidole kikikosea, sauti humwambia papo hapo, pasipo mtu kumkaripia. Asiyeweza bado kutenganisha vidole apewe kazi ya mifuo yenyewe, maana kuifungua na kuifunga ni zoezi la kiwiko na kifundo cha mkono. Dholaki iwekwe juu ya meza, kimo cha kiuno, ili bega lisilazimike kupanda. Manjira na kartali ni za mtu ambaye tayari anaweza kushika. Zinaweza kufungwa kiganjani kwa kitambaa laini, lakini zisikaze hadi mkono ukavimba. Tuanze na pigo moja, tufike mawili, halafu mapigo ya kupokezana kati ya mkono mzima na mkono dhaifu.

Nyumbani si lazima kuwe na tabla. Simu nyingi leo zina programu ya metronomu isiyolipiwa, inayotoa mlio kwa kasi itakayochaguliwa. Pasipo simu, mjukuu anaweza kugonga sufuria kwa mwiko, mradi awe ameonyeshwa mwendo. Dakika kumi asubuhi na kumi jioni, kila siku, zina faida kuliko saa mbili za Jumapili pekee. Mtaalamu ndiye apange kiasi, na familia ndiyo ilinde ratiba.

Majirani zetu wasidhani kwamba kwa kuwa tunataja taala, basi lazima mgonjwa apigiwe bhajan. La hasha. Mguu huitikia mdundo, na moyo huitikia wimbo ambao mtu alikua nao. Mzee aliyelelewa na maulidi apigiwe dufu. Mama wa kwaya aimbiwe nyimbo za kwaya yake. Mpenzi wa taarabu awekewe taarabu, iwapo tu mapigo yake ni ya mbili mbili au nne nne na kasi yake imelingana na hatua zake. Pwani yetu imezoea kuchanganya. Masikio mengi ya Waswahili yaliijua harmoniamu na tabla kupitia taarabu yenye mahadhi ya Kihindi, ambayo marehemu Juma Bhalo wa Mombasa aliifanya ipendwe kila mahali. Milio ya ala hizi haikuwa mgeni upande wa pili wa ukuta wa hekalu.

Yapo ya kuangaliwa. Muziki hauchukui nafasi ya dawa. Anayetumia vidonge vya shinikizo la damu, vya kisukari au vya kuzuia damu kuganda asiache hata siku moja bila kauli ya daktari. Zoezi lisianze kabla ya mtaalamu kumpima mgonjwa na kuridhika kwamba hali yake imetulia. Shinikizo la damu lipimwe kwanza. Mkono dhaifu usivutwe wala mgonjwa asiinuliwe kwa kushikwa kwapani, maana bega lililolegea huteguka kwa urahisi na maumivu yake hudumu. Sauti isiwe kubwa. Wapo ambao baada ya kiharusi kelele huwachanganya, na wapo wachache ambao walikwisha kupata kifafa na wanahitaji uangalizi zaidi. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kichwa kuuma ghafla ni amri ya kuacha na kwenda hospitali.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Maharaj wetu, sasa tunafika kwenye ombi letu.

Hekalu hili lina ukumbi mpana, wenye sakafu tambarare na feni za kutosha, ambao asubuhi za Jumamosi hukaa mtupu. Hospitali zetu zina wataalamu wachache wa tiba ya viungo, na mgonjwa akisharuhusiwa kurudi nyumbani mara nyingi hana pa kwenda kufanya mazoezi. Tunaomba ukumbi huo utolewe saa mbili kila Jumamosi kwa waliopatwa na kiharusi wa mtaa huu, bila kuulizwa dini wala kabila, na bila malipo. Wataalamu waliomo kati yetu watajitolea kwa zamu, na wapigaji ala vilevile.

Lakini ukumbi pekee hautoshi ikiwa mgonjwa hawezi kuufikia. Ngazi za mlango mkubwa hazina pa kushikia. Kwa mtu mwenye mguu mmoja dhaifu, ngazi hizo ni ukuta. Tunaomba ijengwe njia ya mteremko mlango wa pembeni, ili kiti cha magurudumu kiweze kupita, na kiwekwe chuma cha kushikia pande zote mbili, kwa maana wengine wamedhoofika kulia na wengine kushoto. Liko pia suala la viatu. Sote tunaiheshimu desturi ya kuvua viatu mlangoni. Ila baadhi ya wagonjwa huvaa kifaa cha kuzuia wayo usining'inie, ambacho hufanya kazi ndani ya kiatu, na kutembea peku juu ya marumaru ni hatari kwao. Tunapendekeza mgonjwa aruhusiwe kuingia ukumbini, si mbele ya madhabahu, kwa viatu safi vya ndani vitakavyohifmadhiwa hapa hapa. Uamuzi ni wa Maharaj na wazee wetu, nasi tutautii. Tunasema tu kwamba wapo waumini wetu ambao hawajaonekana katika aarti tangu walipougua, na wengine sababu yao si kukosa ibada. Ni ngazi na sakafu.

Tunawaomba pia akina mama, dada na mabinti mnaowauguza. Tunajua kazi hii imewaelemea ninyi zaidi ya wengine. Mnaogesha, mnalisha, mnageuza, na usiku hamlali. Mleteni mgonjwa Jumamosi, nanyi mketi. Kwa saa mbili hizo wapo watakaomshika. Na akina baba na vijana mjifunze kuhesabu hatua, ili siku nyingine sita za wiki zoezi lisiwe mzigo wa mtu mmoja nyumbani.

Kabla hatujamaliza, tuwakumbushe dalili ambazo kila mtoto wa nyumba hii azijue. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea usiweze kuinuliwa, maneno yakivurugika, wakati ni mali: mgonjwa apelekwe hospitali papo hapo, nanyi mkumbuke saa dalili zilipoanza. Ipo dawa ya kuyeyusha donge la damu, lakini hutolewa baada ya kupigwa picha ya ubongo, na kwa kawaida ndani ya saa nne na nusu tu tangu dalili zianze. Msimpe chakula, maji wala kidonge njiani, kwa sababu huenda koo nalo limepooza. Na kwa sisi tusiougua, adui mkubwa ni shinikizo la damu ambalo halina maumivu. Tupime. Tupunguze chumvi, ikiwemo ile iliyojificha katika achari, papadi na chevdo. Tuache tumbaku. Tutembee.

Katika sanamu ya Shiva Nataraja, mkono mmoja umeshika ngoma ndogo, damaru, na mguu mmoja umeinuliwa. Wazee wetu walifundisha kwamba kwa mlio wa ngoma ile uumbaji huanza. Hatusemi kwamba waliandika humo tiba ya kiharusi. Lakini tunapoipita sanamu hiyo tukielekea kwenye aarti, na tumkumbuke jirani aliyelala chumba cha nyuma, ambaye mguu wake unangoja kuinuliwa. Ngoma tunazo, na wapigaji tunao. Kilichobaki ni mlango uwe mwepesi kupita.

Mungu awabariki nyote, alibariki hekalu letu na mtaa wetu katika miaka ijayo.  Namaste.